Jiko Dogo la Kushoto

Kimya hakuitwa Kimya kwa kejeli. Jina lilimkaa kama kifuniko kinavyokaa juu ya sufuria yake. Alikuwa fundi wa majiko ya gesi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, aliyesomea kazi hiyo chuoni na kufaulu kila mtihani isipokuwa ule wa kusimama mbele ya wenzake na kueleza. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo ndio uliokuwa mzito. Angeweza kulifungua jiko likawa vipande thelathini juu ya gazeti, akalirudisha bila kubakiza hata skrubu moja, lakini simu ya dukani ikilia aliitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kizingiti.

"Ichukue, haing'ati," alikuwa akisema Mama Mitungi, mwenye duka, aliyepata jina lake kwa ile mitungi ya gesi aliyoipanga mlangoni kama askari wa gwaride.

"Mama, wakiniuliza jambo?"

"Si utawajibu! Au unadhani wanapiga simu kusikiliza unavyopumua?"

Basi Kimya akajitafutia ujanja. Alikaa jioni moja, akaandika kila alichokuwa akitakiwa kusema, akakihifadhi kwenye simu ya duka. Mteja akiandika kwamba jiko halitaki kuwaka, Kimya alibonyeza mara moja tu na maneno yakaenda yenyewe:

"Pole kwa usumbufu. Moja: funga gesi. Mbili: fungua madirisha yote. Tatu: subiri dakika tano. Nne: inua kofia ya kichomeo, futa taratibu kwa kitambaa kikavu. Tano: rudisha kofia ikae sawa, isiegemee upande. Sita: fungua gesi, bonyeza swichi, washa, kisha shikilia. Hesabu mpaka kumi. Usiachie haraka."

Mama Mitungi aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika, ila akasema meseji isiyotaja bidhaa ni duka lisilo na mlango. Akaongeza mkia wake mwenyewe: "Likikataa kabisa usijali. Tuna majiko mapya ya kila aina. Njoo uchague."

Kimya hakuupenda ule mkia. Lakini angesema nini? Aliuacha ubaki.

Na meseji ilifanya kazi. Majiko mengi yanayosemwa yamekufa huwa hayajafa, yamezama tu. Maziwa yamefurika, au maji ya mchele yamemwagikia kichomeo, matundu yakaziba na cheche ikalowa. Ukilikausha na kulipa muda, linawaka. Na lile la kuhesabu mpaka kumi si uchawi: pembeni ya moto kuna kijiti kidogo kinachotakiwa kupata joto kwanza. Ukiachia swichi kabla hakijapata joto, kinadhani hakuna moto na kinafunga gesi. Watu wengi huachia haraka, kisha hulaumu jiko.

Mteja aliyeipokea meseji hiyo mara nyingi kuliko wote alikuwa Mzee Telegramu.

Huyu alifanya kazi posta enzi za simu za maandishi, miaka thelathini akipunguza maneno ya watu. Mtu alikuwa akija na kilio cha ukurasa mzima, yeye anamtolea maneno sita. Kazi ikaisha, mazoea yakabaki. Hata kwenye simu ya mkononi aliandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, akiweka nukta kama anayepigilia misumari.

Mara ya kwanza Kimya alikwenda kwao mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya pili, ngazi zenye rangi iliyobanduka, mlango uliong'arishwa pale tu mikono ilipozoea kuusukuma.

"Karibu fundi," mzee alimwambia. "Nyumba hii ina majiko mawili. Hili hapa la gesi, ugonjwa wake ni kuzimika. Na lile kule chumbani ndilo jiko langu mwenyewe. Nililipata nina miaka ishirini na minne, na halijanizimikia hata siku moja."

"Mwongo huyo!" ikaja sauti nyembamba kutoka chumbani. "Mara ngapi nimekununia wiki nzima?"

"Hiyo siyo kuzimika, bibi. Hiyo ni kufuka moshi."

Sauti ikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na uso wa mzee ukageukia chumbani kabla kikohozi hakijaisha.

Bibi alikuwa amelala kando ya dirisha, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, macho makubwa yenye utundu wa msichana. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alisema, na koo lilikuwa linakubali uji mwepesi tu, uliopikwa polepole kwa moto mdogo. Ndiyo maana kati ya vichomeo vinne vya lile jiko la gesi, jiko dogo la kushoto lilikuwa na thamani kuliko mengine yote matatu. Hayo mengine moto wake ulikuwa mkali, yanaunguza.

Kimya alilifungua. Matundu yalikuwa yamezibwa na uji uliokauka. Akaomba sindano.

"Chukua yangu," bibi akamwambia. "Imekaa likizo siku nyingi. Na wewe sema hata kidogo, mwanangu. Nyumba hii tayari ina mtu mmoja anayehesabu maneno. Unajua barua yake ya posa ilikuwaje? 'Nakutaka. Jibu upesi.' Basi!"

"Na ulijibu upesi," mzee alisema.

"Nilidhani posta inafungwa."

Kimya alicheka kwa sauti, jambo ambalo dukani hawakuwahi kulisikia. Alipomaliza kazi alimweleza mzee kwa maneno machache kwamba jiko halina ubaya, ni uji unaofurika. Akiuweka motoni asiondoke.

"Nisiondoke kabisa?"

"Kabisa, mzee. Ni dakika ishirini tu."

Mzee akatazama jikoni, akatazama chumbani. Akashusha sauti. "Akinyamaza hata kidogo huwa naenda kusikiliza kama anapumua. Nikirudi, uji uko chini. Mwanangu, mimi siwezi kusimamia majiko mawili."

Chuoni Kimya hakufundishwa hilo.

Tangu siku hiyo, kila baada ya siku nne tano, simu ya duka ilipata ujumbe: "JIKO LIMEZIMIKA. UJI." Kimya alibonyeza, hatua sita zikaenda na mkia wake. Baada ya nusu saa lilikuja jibu: "LIMEWAKA. ASANTE. JIKO LANGU LINAKUSALIMU." Hizo salamu alizisoma mara mbili mbili. Mara nyingine alipitia kwao jioni akitoka kazini, akisema amekuja kukagua kofia ya kichomeo. Kofia haikuwa na tatizo lolote. Bibi alimwonyesha kiti kando ya kitanda na kumsimulia visa, yeye akisikiliza, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukaa na mtu aliyemwona ametosha bila kusema neno. Kwao, mama yake alikufa Kimya akiwa hajajua kumwita.

Siku ile ilikuwa asubuhi ya mzigo. Gari la mitungi lilifika mapema, Mama Mitungi akawa anabishana na dereva, mitungi ikigongana, na simu ya duka ikiwa na meseji nane zilizolala. Kimya alizipitia akiwa amesimama, ubavu umeegemea kaunta. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Telegramu.

"JIKO LANGU LIMEZIMIKA. SAA KUMI NA MOJA."

Jicho lake liliona jiko, likaona limezimika. Kidole kikabonyeza. Akaenda ya nne.

Simu ililia baada ya robo saa. Mama Mitungi alikuwa nje, kwa hiyo ilibidi achukue.

"Hapo ni duka la gesi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, imepasuka kwa kulia.

"Ndiyo."

"Ni nani amemwandikia baba yangu sasa hivi?"

"Ni... ni mimi."

"Ni wewe. Haya. Mama yangu amefariki alfajiri ya leo. Unasikia? Tumekaa hapa na baba, na majirani, simu yake inalia. Hana miwani, ananipa nimsomee. Nasoma kwa sauti, dada, kwa sauti, mbele ya watu! 'Likikataa kabisa usijali. Tuna majiko mapya ya kila aina. Njoo uchague.' Ninyi ni watu wa namna gani?"

Duka lote likasogea mbali.

"Sasa ameinuka bila kusema neno," yule mwanamke aliendelea, sauti ikishuka. "Ameingia chumbani kwa mama, amefunga mlango kwa ndani. Tunamgongea hajibu. Gari la kumchukua mama liko njiani. Akipatwa na jambo humo ndani, nitakutafuta wewe." Akakata.

Kimya akabaki na simu sikioni. Kisha akaufungua ule ujumbe upya, na mara hii akausoma neno kwa neno, kama unavyostahili kusomwa ujumbe wa mtu aliyezoea kupima kila neno. Mzee hakuwahi kuandika "langu" kwa jiko la gesi. Hata mara moja. "Langu" lilikuwa la mtu mmoja tu.

Mama Mitungi alimkuta amekaa chini, kati ya mitungi. Aliposikia, alishika kiuno, akashika kichwa. "Ule mkia," alisema. "Ule mkia wangu mimi. Mwanangu, waandikie. Waombe radhi, waeleze tulidhani ni..."

"Meseji ndiyo imeniponza, mama," Kimya alisema. "Nakwenda."

"Utakwenda useme nini? Wewe?"

Hakujua. Alitoka akiwa amevaa koti la kazi, na bisibisi ingali mfukoni, akatembea kama anayekimbia.

Kwenye ngazi za lile jengo watu walikuwa wamesimama wawili watatu, wakizungumza chini chini. Sebuleni viti vilikuwa vimesogezwa ukutani. Aliyempigia simu alimtambua bila kuambiwa, kwa macho: yalikuwa yale yale makubwa ya bibi, ila mekundu.

"Ndiye wewe?"

Kimya aliinamisha kichwa. "Ndiye mimi, dada."

"Mtoto kabisa." Binti wa mzee alimtazama toka juu hadi chini, lile koti lenye mafuta, ile bisibisi mfukoni. Hasira ilitafuta pa kutua, ikakosa nafasi ya kutosha. "Hajafungua. Gari limeshafika, liko chini. Kama una la kumwambia, mlango ule pale."

Ilikuwa hatua saba kutoka kiti cha mwisho hadi mlango wa chumba, na watu wote walikuwa wakimtazama mgongoni. Jasho lilimtoka. Alisimama karibu sana na ubao, mdomo ukigusa rangi.

"Mzee," alisema. Sauti haikufika hata kwake mwenyewe. Akajaribu tena. "Mzee, ni mimi. Fundi."

Kitasa kikalia, mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita. Aliingia, na mzee hakumtazama. Alirudi kukaa pale alipokuwa amekaa, ukingoni mwa kitanda.

Kitu cha kwanza alichohisi Kimya ni upepo. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi hadi mwisho, mapazia yakipepea. Juu ya mto kulikuwa na kitambaa kidogo kikavu, kimekunjwa. Uso wa bibi ulikuwa umefutwa, hata kona za midomo. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa upya, kwa mikono isiyojua kazi hiyo, lakini kimekaa sawa, hakikuegemea upande. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mikono miwili ya mzee.

Kimya aliyaangalia yote hayo moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule aliouandika. Akakaa sakafuni, pale chini ya miguu ya mzee.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Sikusoma vizuri. Niliona jiko, nikadhani... Nisamehe."

"Najua ulivyodhani." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ujumbe ule naujua kwa moyo. Hata koma zake. Nilipokuandikia sikujua naandikia nani. Vidole vilizoea. Likizimika, nakuandikia wewe." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Tangu alfajiri wananiambia pole. Jirani pole, daktari pole, mtoto pole. Hakuna aliyeniambia nifanye nini. Wewe ukaniambia."

"Mzee..."

"Nikasubiri dakika tano. Nikasubiri na nyingine tano, kwa kuwa saa yangu huwa inakimbia." Aliuangalia ule mkono. "Nimeshikilia. Nimehesabu mpaka kumi. Nimehesabu tena. Sijui ni mara ngapi. Umeandika usiachie haraka."

"Ndiyo."

"Hukuandika niachie lini."

Nje, sauti za watu zilikuwa zimezimwa kabisa. Kimya alijua wamesogea mlangoni, wanasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakuwajali. Alitafuta ndani ya kichwa chake kitu kizuri cha kusema, kitu kinachofanana na yale yanayosemwa na watu wazima misibani, asikipate. Alichokuwa nacho ni kazi yake tu.

"Kuna hatua ya saba, mzee," alisema. "Sikuiandika. Niliogopa watu wataiona ni ndefu."

Mzee akamgeukia.

"Ukishahesabu, ukawa umeshikilia kama inavyotakiwa, na moto haukushika..." Akapumua, akaendelea. "Basi si mkono wako uliokosea. Si kosa la mwenye kuwasha. Unaachia polepole. Kidole kimoja kimoja. Halafu unafunga gesi, unapumzika."

"Polepole."

"Polepole, mzee. Mimi niko hapa."

Alichukua muda. Kimya alihesabu bila kutaka, na alifika mbali sana kuliko kumi. Kidole cha kwanza kiliinuka, kikarudi. Kikainuka tena. Mwisho mkono wa bibi ulikuwa juu ya shuka, peke yake, na mikono ya mzee ilikuwa hewani bila kazi. Ndipo alipolia. Alilia kama mtu anayesoma barua ndefu kwa mara ya kwanza, bila kuruka hata neno. Mlango ukafunguka, binti yake akaingia, akapiga magoti upande wa pili na kumkumbatia kiunoni. Alipopita, alikuwa amemgusa Kimya begani, akauacha mkono pale kidogo.

Walipomchukua bibi, mzee hakushuka nao mara moja. Alisimama jikoni. Sufuria ndogo ya uji ilikuwa juu ya jiko dogo la kushoto, safi, imeoshwa tangu jana usiku.

"Liangalie," alimwambia Kimya. "Uko hapa, liangalie."

Kimya aliinua kofia. Ilikuwa kavu, matundu yote wazi. Akabonyeza, akawasha, akashikilia. Alipoachia, moto ulibaki, mdogo, wa buluu, umetulia kama haujawahi kuzimika.

Mzee aliutazama. Kisha akanyoosha mkono akauzima mwenyewe, akavaa viatu.

Dukani, Mama Mitungi alikuwa ameshaufuta ule mkia. Hakusema neno juu yake, na hiyo kwake ilikuwa sawa na kufunga duka siku nzima. Kimya naye aliifuta meseji yote. Sasa mtu akiandika kuwa jiko limezimika, humpigia. Bado mikono inamtoka jasho. Bado hukwama katikati ya sentensi. Swali lake la kwanza ni moja daima: "Samahani, ni jiko lipi?" Wateja wengine humcheka.

Wiki tatu baadaye, mchana mmoja, simu ya duka ikapata ujumbe.

"JIKO LINAWAKA. HALIZIMIKI TENA. MUDA WA KULISIMAMIA NINAO."

Kimya alisoma kila neno. Akachukua simu, akaenda nyuma ya duka palipo na utulivu, akapiga.

"Nani?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Fundi."

"Ah." Kisha hakuendelea, naye Kimya hakuwa na la kuongeza. Nyuma ya pumzi za mzee alisikia ule mvumo mwembamba anaoujua, moto mdogo ukiwaka, na juu yake hakuna sauti ya uji wala ya kijiko.

Angeweza kusema haya, kwaheri. Hakusema. Alishikilia simu sikioni, akahesabu mpaka kumi, akaanza upya.